Jinsi ya Kusoma Majibu ya Damu Mgonjwa Anapobanwa Kifua

Kabla hujatazama namba yoyote kwenye karatasi ya maabara, hesabu pumzi za mgonjwa. Mwache atulie, asiongee, shika saa au simu, halafu hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne. Mtu mwenye homa hapumui kwa mpangilio mmoja, na kosa la pumzi mbili hapo linageuka nane. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akizidi 30, ugonjwa umeshakuwa mkali, na hakuna majibu ya damu yatakayolipunguzia neno hilo uzito. Akiwa kwenye 22, 24 au 26, hapo ndipo vipimo vya damu vinapopata kazi, kwa sababu bado haijulikani anaelekea wapi.

Naanzia kwenye pumzi kwa sababu najua karatasi inavyotisha. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 tarehe 13 Machi 2020, Tanzania ikafuata siku tatu baadaye, na tangu hapo ndugu wa wagonjwa wamekuwa wakikabidhiwa majina wasiyowahi kuyasikia: CRP, D-dimer, feritini, LDH. Karatasi inapigwa picha, inatumwa kwenye kundi la familia, na usiku kucha watu wanabishana kama ile herufi H iliyochapwa pembeni ya namba ina maana mgonjwa haponi. Herufi H ina maana moja tu, kwamba namba imezidi kiwango kilichowekwa kwenye mashine. Mengine yote yanahitaji kusomwa.

Vipimo hivi hupima inflamesheni, yaani ule mwako wa kinga ya mwili inapopambana na kitu kilichoingia. Kwenye magonjwa ya njia ya hewa yanayoletwa na virusi, mwako huo mara nyingi ndio unaoamua nani atalala wodini na nani atahitaji mashine ya kupumulia. Ndiyo maana namba zake zina uwezo wa kutabiri. Ila hazitabiri peke yake. Lazima ziwekwe kando ya mambo mawili ambayo mashine ya maabara haiyajui, yaani leo ni siku ya ngapi ya ugonjwa, na mgonjwa anapumuaje.

Andika siku ya kwanza

Chukua kalamu uandike tarehe dalili zilipoanza. Siku ya kwanza ni ile koo lilipoanza kuwasha au homa ilipopanda, siyo siku alipopimwa virusi wala siku aliyolazwa. Daktari akikuuliza, mpe tarehe kamili. Jibu la “kama wiki hivi” linampotezea habari muhimu.

UVIKO-19 ina kawaida ya kumdanganya mtu. Wiki ya kwanza mgonjwa ana homa, mwili unauma, chakula hakina ladha, lakini anatembea. Wale watakaozidiwa huanza kubadilika kati ya siku ya 7 na ya 10, wakati ambapo virusi vyenyewe vimeanza kupungua na kinga ndiyo inayoharibu mapafu. Kwa hiyo CRP ya 20 siku ya pili haimpi mtu ruhusa ya kulala usingizi, kwa kuwa mwako haujafika wakati wake. CRP hiyohiyo siku ya 12, kwa mgonjwa anayepumua vizuri, ni habari njema kabisa.

Homa ya mafua ya influenza huenda kasi zaidi. Anayezidiwa huzidiwa mapema, na dawa yake, oseltamivir, hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Hapo kusubiri majibu ya damu ili kuamua ni kupoteza muda. Kipo pia kisa kingine cha influenza ambacho kila anayeuguza anapaswa kukijua. Mgonjwa anapata nafuu, anakaa siku mbili tatu bila homa, kisha homa inarudi kwa nguvu na makohozi yanabadilika rangi. Hapo bakteria wamepata mlango kwenye mapafu yaliyojeruhiwa, na CRP iliyokuwa imetulia huruka juu.

CRP

Hii ndiyo namba utakayoiona mara nyingi zaidi, basi tukae nayo kidogo. CRP ni protini inayotengenezwa na ini. William Tillett na Thomas Francis waliigundua mwaka 1930 katika Taasisi ya Rockefeller, New York, kwenye damu ya watu waliokuwa wanaugua nimonia. Virusi vikishambulia mapafu, chembe za kinga hutoa ujumbe wa kikemikali, mmojawapo ukiitwa interleukini-6. Ujumbe ukifika kwenye ini, ini huanza kumwaga CRP kwenye damu. Huanza kupanda baada ya saa 6 hadi 12, hufikia kilele baada ya siku mbili hivi, na chanzo chake kikizimika kiwango hupungua kwa nusu kila baada ya saa 19 hivi. Ishike hiyo 19, tutaihitaji mbele.

Mtu mzima mwenye afya huwa chini ya miligramu 5 au 10 kwa lita, kutegemea maabara. Mafua ya kawaida huweza kuipandisha hadi 20 au 40 bila hatari yoyote. Wagonjwa wa UVIKO-19 wanaolazwa kwa kukosa hewa mara nyingi huvuka 100. Tazama kwanza kipimo kilichoandikwa mbele ya namba. Ikiwa ni mg/L, iache ilivyo. Ikiwa ni mg/dL, zidisha kwa 10. CRP ya 12 kwa desilita ni 120 kwa lita, na familia iliyotulia kwa kudhani ni 12 inaweza kumwacha mgonjwa nyumbani siku ambayo hakupaswa kubaki.

Kosa la upande wa pili ni kuiona CRP kubwa na kukimbilia antibiotiki. Ni kweli kwamba kwenye nimonia ya bakteria CRP hupanda sana. Kwenye UVIKO-19 kali pia hupanda sana, bila bakteria hata mmoja. Katika miezi ya mwanzo ya janga wagonjwa wengi waliolazwa walimiminiwa antibiotiki, ingawa ni wachache tu waliokuwa na maambukizi ya bakteria wakati wa kulazwa. Hospitali yenye uwezo hupima prokalsitonini. Kama iko chini ya nanogramu 0.25 kwa kila mililita, bakteria hawatarajiwi sana, na daktari anapata sababu ya kuzuia mkono wake. Hospitali isiyokuwa nayo hutumia akili ya kitabibu, yaani makohozi, picha ya kifua, na ile homa iliyoondoka ikarudi.

Kipimo cha bei nafuu chenye habari nyingi

Wengi huiruka FBP, yaani hesabu kamili ya chembe za damu, au full haemogram kama wanavyoiita Kenya, kwa kuwa wameizoea. Ni kipimo kinachopatikana hadi vituo vya afya, na ndani yake mna dalili mojawapo ya mapema kabisa ya ugonjwa mkali wa virusi, nayo ni kupungua kwa limfosaiti.

Ukiipata karatasi, tafuta safu ya chembe nyeupe. Utaona neutrofili na limfosaiti zikiandikwa mara mbili, kwanza kwa asilimia na kisha kwa idadi. Soma idadi. Asilimia hupotosha, kwa sababu neutrofili zikiongezeka, asilimia ya limfosaiti inashuka hata kama idadi yake haijapungua. Mtu mzima mwenye limfosaiti chini ya 1.0, akiwa na homa na kikohozi cha siku saba, anahitaji macho ya karibu.

Kisha gawanya neutrofili kwa limfosaiti. Neutrofili 5.6 ukigawanya kwa limfosaiti 0.7 unapata 8. Uwiano huo madaktari huuita NLR. Mwaka 2020 watafiti wa Hospitali ya Ditan, Beijing, walitazama wagonjwa 61 wakaona kwamba wenye umri wa miaka 50 na zaidi ambao uwiano wao ulifika 3.13 ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa wa kuzidiwa. Wagonjwa 61 ni wachache, lakini tafiti nyingine nyingi zilizofuata zilielekea upande uleule.

Sasa jambo ambalo karatasi zetu hazilisemi. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara wamerithi damu isiyo na alama ya Duffy kwenye chembe nyekundu, urithi uliowalinda mababu zetu dhidi ya malaria ya vivax. Urithi huohuo huja na neutrofili chache kwenye damu, bila ugonjwa wowote. Mtu mzima wa Mbeya au Kericho anaweza kuwa na neutrofili 1.3 maisha yake yote na akawa mzima kabisa, huku mashine iliyopangwa kwa viwango vya Ulaya ikimchapia L kila anapopimwa. Uwiano wake akiwa mzima unaweza kuwa 1 tu. Kwa hiyo uwiano wa 3 kwake ni mabadiliko makubwa kuliko kwa Mchina wa Beijing, na mpaka wa 3.13 haufai kuchukuliwa kama ulivyo. Mimi ningependa kila hospitali ya rufaa Afrika Mashariki ichape kwenye karatasi zake viwango vilivyopimwa kwa watu wake. Mpaka hapo, kama mgonjwa wako ana FBP ya zamani, hata ya kliniki ya wajawazito au ya mwaka juzi, ibebe. Daktari ataipenda zaidi kuliko kiwango cha kiwandani.

Kwa mtoto mdogo uwiano huu usiutumie kabisa. Miaka ya mwanzo ya maisha limfosaiti kwa kawaida huwa nyingi kuliko neutrofili. Kwa mtoto rudi kwenye pumzi: 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, 40 au zaidi kati ya mwaka mmoja na mitano. Akifika hapo, au kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, nenda hospitali.

D-dimer, feritini, LDH

D-dimer ni mabaki ya damu iliyoganda na kuyeyushwa. Inapanda kwenye UVIKO-19 kwa sababu mwako wa kinga hugandisha damu kwenye mishipa midogo ya mapafu. Ripoti iliyochapishwa kwenye jarida la Lancet Machi 2020, kuhusu wagonjwa 191 wa hospitali mbili za Wuhan, iliitaja D-dimer inayozidi mikrogramu 1 kwa mililita wakati wa kulazwa, pamoja na umri mkubwa, kuwa dalili ya hatari ya kifo. Kiwango cha kawaida ni chini ya 0.5, ambayo maabara nyingine huandika 500, zikitumia nanogramu. Tazama pia kama imeandikwa FEU au DDU. Namba ya FEU ni karibu mara mbili ya DDU kwa damu ileile. Na usimtishe mzee bure, kwani D-dimer hupanda na umri. Daktari anayetafuta donge la damu kwa mtu aliyezidi miaka 50 huzidisha umri kwa 10, kwa hiyo bibi wa miaka 78 anaruhusiwa hadi nanogramu 780 za FEU.

Feritini ni ghala la madini ya chuma, na hupanda mwili ukiwaka. Ina mtego mmoja kwa wanawake wa kwetu. Mama aliyekuwa na upungufu wa damu, feritini yake ikiwa 12, akiugua ikapanda hadi 150, karatasi itasema yuko sawa. Kumbe imepanda zaidi ya mara kumi.

LDH hutoka kwenye chembe zilizopasuka, ziwe za mapafu, ini, misuli au damu yenyewe. Inasaidia, lakini ni ya mwisho kwenye foleni yangu. ESR nayo, ile ya mrija mrefu uliosimamishwa kwa saa nzima, hupanda polepole na hushuka kwa wiki, tena hupandishwa na upungufu wa damu na ujauzito. Kwa kuamua mambo ya leo na kesho haifai.

Tuisome karatasi moja

Chukua mfano wa baba wa miaka 58, mwenye kisukari, siku ya 8 ya UVIKO-19. Anapumua mara 26, oksijeni kidoleni 90, anaongea vizuri na anatambua watu. Urea iko 6, CRP iko 132, limfosaiti 0.7, D-dimer 0.9.

Mwaka 2020 watafiti wa Uingereza wa mtandao wa ISARIC walitengeneza hesabu inayoitwa 4C, kutokana na wagonjwa waliolazwa katika hospitali 260. Inatumia mambo manane, na jumla ya juu kabisa ni alama 21. Baba yetu anapata 2 kwa umri, 1 kwa kuwa mwanamume, 1 kwa kisukari, 1 kwa pumzi, 2 kwa oksijeni iliyo chini ya 92, sifuri kwa fahamu, sifuri kwa urea, na 2 kwa CRP iliyofika 100. Jumla 9. Kuanzia 9 hadi 14 ni kundi la hatari kubwa, ambamo karibu theluthi moja ya wagonjwa wa Uingereza walifariki. Hao wengi waliugua kabla ya chanjo na kabla deksamethasoni, dawa ya kutuliza mwako, haijawa tiba ya kawaida, kwa hiyo usiichukue theluthi hiyo kama hesabu ya leo.

Tazama sasa uzito wa kila kitu. Bila CRP angekuwa na 7, kundi la kati. CRP imemhamisha, na hiyo ndiyo kazi yake halisi. Inamsukuma mtu aliye mpakani. Lakini upeo wake ni alama 2 kati ya 21. Umri pekee unaweza kuleta 7. Pumzi na oksijeni kwa pamoja huleta hadi 4, na wala hazihitaji sindano. Urea, kipimo cha figo ambacho hospitali za wilaya hukifanya kila siku, huleta hadi 3, zaidi ya CRP. Kwa hiyo kama fedha ni chache, na mara nyingi ni chache, usiuze kitu cha nyumbani ili kulipia feritini na interleukini-6 huku urea haijapimwa. Mwulize daktari kwa heshima: “Daktari, kati ya hivi, kipi kitabadilisha matibabu ya leo?” Daktari mzuri hatachukia swali hilo.

Yanayozipotosha namba

Malaria ni ya kwanza. Inapandisha CRP, inashusha chembe sahani na limfosaiti, na inaleta homa ileile. Hakuna mgonjwa wa homa na kikohozi Afrika Mashariki ambaye CRP yake isomwe kabla ya kipimo cha malaria. Anayeishi na VVU anaweza kuwa na limfosaiti chache na D-dimer ya juu hata akiwa mzima. Mwenye selimundu ana LDH na D-dimer za juu siku zote, kwa hiyo linganisha na majibu yake ya kliniki. Mjamzito hupandisha D-dimer, ESR na chembe nyeupe, na kadiri mimba inavyokua ndivyo zinavyopanda. Ugonjwa mkubwa wa ini unaweza kuizuia CRP isipande hata mgonjwa akiwa taabani, kwa sababu ini ndilo linaloitengeneza.

Halafu kuna damu yenyewe ilivyochukuliwa. Simama karibu na mtaalamu wa maabara uangalie chupa. Ya kifuniko cha zambarau ni ya FBP, inatakiwa kupinduliwa taratibu mara kadhaa, isitikiswe kwa nguvu. Ya kifuniko cha bluu ni ya D-dimer, na lazima ijae hadi kwenye mstari, maana dawa iliyomo imepimwa kwa sehemu moja ya dawa na tisa za damu. Ikijazwa nusu, majibu hayaaminiki. Damu iliyovutwa kwa nguvu kwenye sindano nyembamba hupasuka chembe, na LDH inapanda kwa kosa la mkono. Karatasi ikisema sampuli ilikuwa na chembe zilizopasuka, LDH hiyo iache.

Kifaa cha kidoleni nacho kina aibu yake kwetu. Desemba 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani. Kati ya wagonjwa ambao kifaa kiliwaonyesha oksijeni ya 92 hadi 96, damu ya ateri ilionyesha iko chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi, dhidi ya 3.6 ya weupe. Kwa ngozi nyeusi, basi, 93 isiyolingana na hali ya mgonjwa usiiamini. Futa rangi ya kucha. Kama ni bi harusi au mama wa pwani mwenye piko kwenye vidole, tafuta kidole kisichopakwa au tumia ndewe ya sikio. Pasha mikono moto kwa kuisugua, subiri namba itulie, kisha soma. Ikifika 94 au chini, nenda hospitali. Chini ya 90, anahitaji oksijeni sasa hivi, na vipimo vya damu vitafuata baadaye.

Kipimo cha pili

Namba moja inaonyesha mahali. Namba mbili zinaonyesha mwelekeo, na mwelekeo ndio wenye faida zaidi kwa anayeuguza. Kumbuka saa 19. Kama mwako umezimika leo asubuhi, CRP ya 132 haiwezi kuwa 10 jioni. Kesho itakaribia 60, keshokutwa 30 au chini. Kwa hiyo kurudia CRP baada ya saa sita ni kutupa fedha. Rudia baada ya saa 24 hadi 48, katika maabara ileile, na uandike namba zote kwenye ukurasa mmoja zenye tarehe na saa, pembeni ukiweka pumzi na oksijeni za wakati huo. CRP ikipanda kutoka 40 hadi 90 ndani ya siku mbili, huku pumzi zikitoka 20 hadi 25, usisubiri afike 30.

Uliza pia kama ameanza deksamethasoni au dawa ya aina hiyo. Dawa hizo hupandisha neutrofili na kushusha limfosaiti zenyewe, hivyo NLR inaweza kupanda siku ambayo mgonjwa anapata nafuu. CRP nayo hushuka. Aliyepewa tosilizumabu ndiyo zaidi, kwa sababu dawa hiyo huziba njia ya interleukini-6, na CRP huanguka hata kama bakteria wanamla mgonjwa kimyakimya. Kwake homa na CRP haziaminiki tena kwa muda. Anaaminika yeye, jinsi anavyoonekana.

Dawa za mwako

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa kuwa watu wameumia. Juni 2020 utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku hadi siku 10, inaokoa maisha. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilikuwa asilimia 29.3 badala ya 41.4. Kwa waliokuwa kwenye oksijeni bila mashine, 23.3 badala ya 26.2. Kwa wasiohitaji oksijeni haikusaidia kitu, na vifo vyao vilielekea juu, 17.8 dhidi ya 14.0. Utafiti huohuo mwaka 2021 uliwapa tosilizumabu wagonjwa wenye mambo mawili kwa pamoja, oksijeni iliyoshuka na CRP ya 75 au zaidi. Vifo vilikuwa asilimia 31 kwa waliopewa, 35 kwa wasiopewa.

Soma masharti hayo tena. CRP peke yake haikutosha hata kwenye utafiti ulioipa CRP nafasi. Oksijeni ndiyo iliyofungua mlango. Kwa hiyo mgonjwa mwenye CRP ya 60, oksijeni 97, siku ya nne, asinunuliwe deksamethasoni kwenye duka la dawa kwa sababu jirani alipona nayo. Itapandisha sukari yake, itadhoofisha kinga wakati virusi bado vinazaliana, na haitamkinga na siku ya nane. Kwa influenza kali dawa hizo hazipendekezwi, hivyo usihamishe tiba ya UVIKO-19 kwenye mafua mengine.

Vidonge vya kuzuia damu kuganda navyo ni vivyo hivyo. D-dimer iliyopanda kidogo siyo cheti cha kununua dawa hizo. Zinaweza kuvujisha damu tumboni na kichwani, na kiasi chake hupangwa na daktari anayejua figo za mgonjwa zikoje.

Akisharuhusiwa

Mgonjwa akitoka hospitali anapumua vizuri, anakula na oksijeni imetulia bila mashine, familia nyingi hutaka kurudia kila kipimo mpaka herufi H zote ziondoke. Hakuna haja. D-dimer na feritini huweza kubaki juu kwa wiki kadhaa kwa mtu anayeendelea vizuri, na kuzifuatilia huleta hofu na gharama tu. Sukari ya aliyepewa deksamethasoni ipimwe, hata kama hakuwa na kisukari. FBP moja kwenye tarehe ya kurudi kliniki inatosha kuona kama limfosaiti zimepanda.

Mrudishe bila kusubiri tarehe kama homa imerudi baada ya kuondoka, kama pumzi zimepanda tena akiwa amekaa, kama mguu mmoja umevimba na kuuma, au kifua kinamchoma ghafla anapovuta hewa. Nenda na ule ukurasa wenye tarehe, saa na namba zote, na kama karatasi za maabara unazo, zibebe zote, hata zile za hospitali nyingine.